Tiketi ya Koko Ilivyokatwa Sikio

Siku ambayo treni inaondoka Arusha mimi huijua bila kutazama kalenda, kwa sababu asubuhi yake duka letu hujaa watu wenye simu mkononi na haya kidogo usoni. Wanaingia, wanasalimia, wanagusagusa bahasha na kalamu kana kwamba ndizo walizofuata, halafu mmoja anajitoa mhanga: "Dada, tiketi ninayo humu kwenye simu. Lakini hebu nitolee na karatasi."

Nawatolea. Ndiyo kazi yangu, nachapa na kutoa kopi kwenye duka dogo la vifaa vya ofisi pale Kaloleni, jirani na uwanja wa mpira, na katika kazi zote za duka hii ya tiketi ndiyo naipenda zaidi. Vyeti vya kuzaliwa vinanichosha. Barua za kuomba kazi zinanitia huzuni, maana najua zinakokwenda. Ila tiketi ya treni ikianza kutoka kwenye mashine, ya moto kama chapati, mimi mwenyewe naanza kujiona nimekaa dirishani natafuna yai la kuchemsha, nawapungia watu walioko barabarani. Mteja anasubiri nimpe karatasi yake, na mimi nimeshafika Korogwe.

Wateja wenyewe ni vituko. Yupo baba anayeipokea kwa mikono miwili, anaikunja mara nne na kuitia ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Yupo dada wa benki aliyetaka nakala tatu, moja ya mkobani, moja ya sandukuni, na ya tatu akaniambia "kaa nayo wewe, huwezi jua." Na yupo kijana mmoja aliyesimama mlangoni akatucheka wote, akasema karatasi ni ushamba, dunia nzima iko kwenye simu. Baada ya muda karudi anahema. Simu imezima, chaja kasahau kwa shemeji yake.

Mama bosi wangu hakumcheka. Alimchomekea simu kwenye umeme, akamtolea karatasi yake, akamwambia, "Baba, mtu akikataliwa mlangoni lazima awe na kitu cha kupunga. Utapunga nini, kiganja?" Mama bosi ni Mhindi wa hapahapa, babu wa mume wake ndiye aliyefungua duka hilo, na kwa habari ya karatasi hana mchezo. Watoto wake wanamnunulia tiketi za ndege kwa simu, yeye anazichapa mara mbili.

Sasa kabla sijafika kwenye safari yenyewe inabidi niseme kuhusu bibi yangu, mama yake mama yangu, ambaye sisi Waarusha tunamwita koko. Koko anaishi Oldonyo Sambu, upande ule wa mlima ambako upepo hauna adabu, analima viazi na kufuga. Ni mwanamke asiyeogopa kitu, nimemwona akimfukuza fisi kwa ndala. Lakini yeye na gari havipatani. Akiingia kwenye gari lililofungwa vioo, dereva hajamaliza kupanga gia, tumbo la Koko limeshageuka. Akija mjini anapanda nyuma ya kirikuu cha viazi, juu ya magunia, upepo unampiga usoni, na anashuka msafi kama bibi harusi.

Na huyu Koko alikuwa na hamu moja tu. Binti yake wa mwisho, ambaye kwangu ni mama mdogo, ameolewa Same kwa Wapare. Alikaa miaka kwenye ndoa bila mtoto, hadi watu wakaacha kumuuliza, na kuacha kuuliza ndiko kulikokuwa kukimuumiza zaidi. Halafu akajifungua mtoto wa kike. Zilipokuja picha kwenye simu yangu nilipanda hadi Oldonyo Sambu kumwonyesha Koko. Alikishika kioo mbali na macho, akakisogeza karibu, akakigeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu.

"Ana uzito gani?" akauliza.

"Hawakuandika, Koko."

"Basi hujaniletea mtoto. Umeniletea sura."

Tulijaribu basi. Tulifika Kikatiti. Sitaeleza kilichotokea kati ya Tengeru na Kikatiti, ila abiria waliokuwa viti vya mbele walihamia nyuma, na konda alisimama juu ya vichwa vyetu akaniuliza mimi, "Dada, bibi yako anashuka hapa au unaendelea naye?" Tukashuka. Koko alikaa pembeni ya barabara karibu na kina mama wauza ndizi, akasukutua, akabaki anaitazama barabara tu. Nilidhani ni uchovu.

"Alikuuliza wewe," akasema baadaye. "Mwenye tumbo ni mimi, mwenye safari ni mimi, akakuuliza wewe. Kama vile mimi ni debe la mahindi."

Tulirudi mjini nyuma ya kirikuu kilichobeba mchanga.

Ndipo likanijia wazo la treni. Jamani, nilijilaumu jinsi lilivyochelewa. Treni inapita Same. Treni ina madirisha ya kufungua, inatembea pole, haina kona za kukurusha, na mtu akitaka anasimama na kutembea humo ndani kama yuko sebuleni kwake. Hayo yote niliyajua kwa kuyasikia kwa wateja tu, kwa sababu mimi treni nilikuwa naijua kwa honi, sijawahi kuipanda. Siku hiyo nilinunua tiketi zetu mbili kwa simu nikiwa nimelala kitandani miguu iko ukutani. Ujumbe ulipoingia nilicheka peke yangu hadi mpangaji mwenzangu akagonga ukuta. Nikampigia Koko palepale.

"Koko, takwenya."

"Iko," akaitikia, kama anavyoitikia mwanamke mzima akisalimiwa.

"Tiketi tayari. Tunaenda kumshika mtoto kwa treni."

"Yangu iko wapi?"

"Ninayo humu kwenye simu. Na yangu. Zote mbili."

Nikasikia mbuzi wake wakilia.

"Basi anayesafiri ni wewe," akasema. "Wewe na simu yako. Mkifika mnisalimie."

Nilijaribu kumweleza kwamba tiketi ina jina lake, kwamba kuna kile kiboksi cha madoadoa meusi ambacho mashine inakisoma na kumtambua. Akaniambia jina lake likiwa kwenye simu yangu ni jina langu. Nikamwahidi karatasi. Akasema ataiamini akiishika.

Alikuja siku moja kabla ya safari, na kirikuu chake cha viazi, akiwa amevaa shuka jipya la bluu, shanga zote za sherehe, na kibuyu cha maziwa ya mgando kwa ajili ya mzazi. Nikampeleka dukani moja kwa moja. Mama bosi alitoka nyuma ya kaunta kumwamkia, shikamoo, marahaba, akampa stuli. Nikabonyeza, mashine ikanguruma, tiketi ya Koko ikachungulia taratibu. Koko alisimama. Aliinama kuitazama ikitoka kama anavyoinama kutazama ndama anazaliwa, na ilipomalizika akaipokea mwenyewe kabla sijanyoosha mkono.

"Ina moto," akasema.

"Ndiyo kwanza imetoka, bibi," Mama bosi akamjibu. "Nikupigie plastiki juu yake? Haitalowa, haitachanika, hata ukiiangukia mtoni."

"Itapumuaje?"

Mama bosi alinitazama. Mimi nikatazama dari.

"Haipumui, bibi. Ni karatasi."

"Na ikibanwa humo ndani nitaijuaje kama ni yangu? Iache hivyohivyo."

Basi tukaiacha hivyohivyo. Nikachapa na yangu, ili tuwe sawa, na tukaenda chumbani kwangu. Jioni nzima alikuwa ameiweka mapajani. Kila jirani aliyepita kumwamkia alionyeshwa.

Asubuhi nilienda kuoga. Bafu letu liko uani na lina foleni, kwa hiyo nilichelewa kurudi. Nilimkuta Koko amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshavaa, ameshafunga mzigo, na uso wake una utulivu wa mtu aliyemaliza kazi muhimu. Wembe wangu wa kukatia kucha ulikuwa mezani. Niliuona, nikadhani amekata kucha. Sikuwaza zaidi. Kichwani mwangu honi ilikuwa inalia.

Mchana tulipanda bajaji hadi stesheni, kwa sababu bajaji iko wazi na Koko anaihesabu kama kirikuu kidogo. Stesheni ilikuwa imechangamka. Masanduku, ndizi, jogoo mmoja ndani ya kikapu, watoto wakikimbizana kwenye jukwaa, na treni yenyewe imelala pale ndefu kuliko nilivyoiota. Tukasimama kwenye foleni ya kuingilia, na mbele yetu nikawa naona kijana wa ukaguzi, na sare yake iliyonyooshwa vizuri, ana kimashine mkononi. Anaelekeza kwenye simu ya abiria, kinalia tii. Anaelekeza kwenye karatasi ya abiria, kinalia tii. Kila mmoja na yake, wengi simu, wachache karatasi, na tii ni ileile.

Zamu yetu ikafika. Koko alikuwa mbele yangu. Alifungua fundo la shuka, akatoa tiketi yake, akaikunjua.

Kona ya juu, upande wa kulia, haikuwepo.

Yaani ilikuwa imekatwa. Ncha yote imeondolewa kwa mkato mmoja wa mlalo, safi, na chini yake kidogo kuna kipande kingine kimenyofolewa, kama hilali. Na ile kona ndiyo iliyokuwa na kile kiboksi cha madoadoa. Haraka nikachomoa yangu kutoka mkobani. Nayo ilikuwa imekatwa vilevile.

"Koko," nikanong'ona. "Umefanya nini?"

"Nimeweka alama," akasema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo inasikika ng'ambo ya korongo. "Na yako nimeweka, tusipotezane."

Hapo nikaelewa kila kitu, na nusu nilitaka kulia, nusu nilitaka kuangua kicheko. Kwetu kila boma lina mkato wake wa sikio la ng'ombe. Ng'ombe wa babu wote wako hivyo: ncha ya sikio la kulia inaondoka, halafu chini yake kinanyofolewa kipande. Ng'ombe akipotea hata mwaka, akionekana popote, sikio linasema ni wa nani. Ndama akikua anakatwa, na kuanzia hapo hana mashaka. Sasa Koko amepata kitu cha thamani, chenye jina lake, kinachoenda kuingia kwenye kundi la vitu vinavyofanana. Angekiachaje bila alama? Na sikio la kulia la karatasi ni wapi, kama si ile kona ya juu kulia?

Mkaguzi alimwamkia vizuri, shikamoo bibi, akaelekeza kimashine. Kimya. Akaigeuza karatasi. Kimya. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Bibi, hii imeliwa na panya?"

"Panya gani anakata hivyo?" Koko akamwuliza.

Nikaingilia kati. "Samahani kaka, zote ninazo kwenye simu." Nikafungua. Tii. Nikasogeza ya pili. Tii.

"Haya, hakuna tabu, piteni," akasema.

Nikapita. Nilipogeuka, Koko hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amesimama palepale, kibuyu mkononi, karatasi yake kifuani.

"Koko, twende. Imeshasomwa."

"Imesoma simu yako mara mbili. Umehesabiwa wewe mara mbili. Nenda na huyo mwenzio."

Foleni ikaanza kunung'unika. Kijana mmoja aliyening'iniza visikilizio shingoni akasema kwa utani, "Bibi, siku hizi karatasi ni za kufungia maandazi. Sisi wote tuko kwenye simu."

"Mwache bibi wa watu," akadakia mama mmoja aliyebeba kapu la machungwa. "Yangu mimi ni karatasi, na nimeiweka mahali ambapo simu yako haitafika hata ikitaka." Akajigusa kifua, na foleni ikacheka.

Koko hakucheka. Alimtazama mkaguzi, si mimi, akasema, "Baba, mimi naenda kumshika mtoto wa binti yangu. Sijawahi kumshika. Juzi nilishushwa kwenye gari, na aliyeulizwa nishuke au nisishuke hakuwa mimi. Humu nikiingia bila kuhesabiwa, atakuja mwingine mbele ya safari atasema bibi huyu ni wa nani. Nitamwambia nini? Nitashukia wapi, porini? Nihesabu mimi."

Nilikuwa upande wa pili wa kizuizi, nimeshika simu yenye ukweli wote, na ulikuwa haunisaidii. Honi ya kwanza ikalia. Nikaona kabisa tunarudi Kaloleni, na mtoto anaendelea kuwa picha.

Mkaguzi akaitazama tena ile karatasi. Aliiinua juu, akapitisha kidole kwenye mkato. Uso wake ukabadilika, akaanza kutabasamu upande mmoja.

"Bibi, hii si kazi ya panya. Hili ni sikio."

"Sasa umeona," Koko akasema.

"La nani?"

"La ng'ombe wa mume wangu. Uliza mnada wowote."

"Kwetu Dodoma, nyumbani kwa babu, tunakata la kushoto."

Koko akamkagua kuanzia kofia mpaka viatu. "Mgogo wewe."

"Mgogo, bibi."

"Ndiyo maana ng'ombe waliwapotea. Hamjui hata upande."

"Hawakutupotea. Ni nyie mlikuja kuwachukua, babu yangu hadi leo anawadai."

"Walikuwa wetu toka mbinguni. Tulikuja kuwasalimia, wakatufuata wenyewe."

Sasa ilikuwa kicheko cha foleni nzima. Hata yule wa visikilizio alikuwa ameegemea sanduku lake anajifuta macho. Mkaguzi alisubiri kitulie, halafu akasema kwa upole, kama mtu anayekaa kwenye mazungumzo ya wazee: "Lakini bibi, nimeona tatizo. Hapa kuna alama ya kwako tu. Mimi ninayempokea sijaweka ya kwangu."

Koko akafikiri.

"Hilo ni neno," akasema.

Mkaguzi alijipapasa mifuko. Zamani walikuwa na zile koleo za kutoboa tiketi, sasa wana kimashine tu, na kimashine hakikati. Hakuwa na wembe, hakuwa na mkasi. Akatazama kulia, akatazama kushoto, nadhani anamtafuta bosi wake. Halafu, na sare yake yote na kofia yake, akaiweka kona ya kushoto ya tiketi mdomoni, akaing'ata.

Mama wa machungwa alipiga kigelegele.

Koko alipokea karatasi yake, akaikagua. "Umekata vibaya," akasema, "lakini ni kushoto kweli." Na hapo ndipo alipocheka, mabega yakacheza, shanga zikalia. Kwetu ng'ombe akitolewa mahari, yule anayempokea anaongeza alama yake, na mwenye alama mbili harudishwi, ameshakubaliwa pande zote. Koko aliwageukia watu wa foleni akawapa habari. "Nimetolewa mahari," akasema. "Mniache nipite." Akapita kizuizini, akanipita na mimi bila kunitazama, kibuyu mbele, kama ni mimi ninayemfuata. Kwa kweli ni mimi niliyekuwa namfuata.

Treni ilipojivuta kuondoka nilishika kiti kwa mikono yote miwili. Sikujua kwamba inaanza hivyo, kama mnyama anayeamka. Maghala yakasogea, nyumba zikasogea, watoto waliokuwa wakirudi shule wakaanza kukimbia nasi huku wakipunga mikono, na mimi nikapunga hadi bega likauma. Meru ilikuwa imevua mawingu yote. Koko alikuwa dirishani, ameegemeza kiwiko, upepo unapeperusha shuka lake. Nilimtupia jicho la wizi kila baada ya muda mfupi, natazama midomo yake, natazama kama anameza mate. Nilikuwa na mfuko wa plastiki tayari mkononi, nimeuficha chini ya kitenge.

"Toa huo mfuko," akaniambia bila kugeuka. "Unaniletea bahati mbaya."

Mashamba ya kahawa yakapita, kisha migomba, kisha nchi ikaanza kukauka na kufunguka. Kwa mbali upande wa mlima niliona barabara kuu, mabasi yanakimbizana kama siafu. Koko akaniuliza Kikatiti iko wapi. Nikamwambia iko kule juu, barabarani, na nadhani tumeshaipita.

"Tumeipita?"

"Tumeipita, Koko."

Alitoa kichwa dirishani kutazama tulikotoka, akakirudisha. "Kumbe ni padogo," akasema, akaniomba yai.

Habari ya mahari ilikuwa imetutangulia behewani. Yule mama wa machungwa alikaa kiti cha mbele yetu, na haikupita muda akageuka na tiketi yake, ile iliyotoka kifuani, pamoja na kisu chake cha kumenyea. "Bibi, nikatie na mimi. Imeshasomwa, haina kazi tena, nataka tu niwe wa boma lako." Koko akamkatia. Akaja baba mmoja na mkewe. Koko akawakatia. Akaja mwalimu mstaafu, akasema yeye hachanganyi mila, ila kama nafasi ipo. Akakatiwa. Kila aliyekatiwa aliulizwa ni wa wapi, watoto wangapi, mvua kwao imenyesha, na behewa likawa kama kilabu cha siku ya soko. Mimi nilikuwa nameza machungwa na kucheka, nikiwaza kwamba hii ndiyo treni niliyokuwa naichapa kila wiki bila kujua ndani yake kuna nini.

Mwisho akaja yule kijana wa visikilizio, ameona amebaki peke yake. Alisimama pale anachezea simu.

"Bibi, na mimi je? Yangu iko humu. Utakata wapi?"

Koko akapima makali ya kisu kwa kidole gumba. "Lete sikio lako," akasema.

Alirudi kiti chake mbio, amefunika masikio yote mawili, na behewa zima likamsindikiza kwa kelele. Baadaye alikuja tena, safari hii na chupa ya soda kwa Koko, akakaa miguuni pake, akaulizwa ni wa wapi na mvua imenyesha.

Baada ya Moshi, na baada ya miwa isiyoisha, jua lilianza kushuka. Mkaguzi akapita tena. "Shikamoo bibi. Tiketi." Alimwuliza yeye, si mimi. Koko akafungua fundo lake mwenyewe. "Marahaba. Tazama kwa macho tu," akamwambia, "usile tena, imebaki kidogo." Mkaguzi akatazama kwa macho tu, akamtakia safari njema, akaenda.

Kuanzia hapo Koko aliacha mazungumzo. Alishusha kibuyu mapajani, akakikumbatia. Milima ya Upare ilikuwa inageuka kuwa weusi tu, na kila treni ilipopunguza mwendo alikuwa ananishika mkono, nami namwambia bado. Nilipomwambia sasa ndiyo Same, alisimama kabla haijasimama, akajiweka sawa shuka, akajipangusa uso kwa kiganja.

Giza lilikuwa limeshaingia na taa za stesheni zilikuwa chache. Ngazi za behewa ziko juu, kwa hiyo kijana wa visikilizio na mimi tulimshika huku na huku tukamteremsha. Mama mdogo alikuwa chini ya taa, amekonda, anacheka na kulia kwa pamoja, na mtoto amefungwa kwenye kitenge cha njano. Nyuma yake mama mkwe wake wa Kipare alikuwa amebeba mto wa kukalia. Binti alifungua mdomo kuamkia, lakini Koko alikuwa ameshanipa mimi kibuyu na kunyoosha mikono yote miwili, kwa hiyo salamu ikasubiri.

Alimpokea mtoto. Alimpima, akamnyanyua kidogo, akamshusha, akamnyanyua tena, kama mtu anayepima viazi na hataki muuzaji ajue amefurahi. Halafu akamtemea mate kidogo sana kwenye paji la uso, baraka ya kwetu. Mama mkwe wa Kipare akashtuka na mto wake, kisha akaona machozi ya Koko, akautua mto chini.

"Mzito," Koko akasema. "Hamkuniambia ni mzito."

Mama mdogo alikuwa anamzunguka mama yake, anamtazama usoni, anamtazama shuka, haamini lile shuka jinsi lilivyo safi.

"Mama," akauliza, "njia nzima hukutapika?"

"Nani atapike?" Koko akamjibu, akimfunika mtoto sikio kwa kiganja. "Hebu nyamaza, mwenzio anasikia."